Mpira Unaopanda Juu ya Bega: Kocha Anajibu Maswali Yenu

Barua za safari hii zimeelekea upande mmoja. Wengi mnalalamikia mpira uleule wa tenisi: unakuja taratibu, unapaa juu ya wavu, unadunda karibu na mstari wa nyuma, kisha unakupandia hadi begani au usoni. Forihendi, pigo la upande wa mkono unaoshika raketi, inayokubeba siku zote inaishiwa nguvu hapohapo. Nimechagua barua sita. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu nyingine zote zinaiegemea.

Kocha, shikamoo. Nacheza jioni baada ya kazi, natumia mkono wa kulia, na forihendi ndiyo silaha yangu. Kuna mzee mmoja tunayecheza naye ambaye hapigi kwa nguvu hata kidogo. Anauinua tu mpira, mrefu na wenye mzunguko, unadondoka karibu na mstari wangu wa nyuma na kunirukia hadi usawa wa sikio. Nikipiga kwa nguvu unaingia wavuni. Nikipiga taratibu unaanguka katikati ya uwanja, naye ananimaliza. Nilifundishwa kuanza pigo chini na kumalizia juu ili nipate topspini, ule mzunguko wa mpira wa kuelekea mbele, na ndivyo ninavyofanya. Nakosea wapi?

Marahaba. Barua yako inaeleza mkono kuanzia mwanzo hadi mwisho, lakini miguu haitajwi popote. Tuanzie huko.

Mpira wa huyo mzee, ukishagusa chini, unapita usawa wa kiuno chako mara mbili: unapopanda na unaposhuka. Kati ya nyakati hizo uko begani au juu zaidi. Kwa hiyo una mahali patatu pa kuupigia. Ukitaka kuupiga ungali unapanda, simama karibu na pale unapodunda, hata kama ni ndani ya mstari. Ukitaka kuupiga kwa usawa wa bega, simama hatua mbili tatu nyuma ya mdundo. Ukitaka kuusubiri ushuke, rudi mbali, mita tatu au nne nyuma ya mstari. Zote tatu ni tenisi nzuri. Wanaoteseka ni wale wasiochagua. Wanabaki juu ya mstari wakiutazama, mpira unapanda usoni, ndipo wanaanza kurudi kinyumenyume huku mkono unapiga. Uzito umelalia visigino, kiwiko kimebanwa na mbavu, raketi inakutana na mpira karibu na sikio. Mwili unakwenda nyuma. Mpira utapata wapi nguvu ya kwenda mbele? Hiyo ndiyo mipira yako inayoanguka katikati ya uwanja.

Uamuzi ufanywe kabla mpira haujavuka wavu, na huna haja ya kubahatisha. Tazama kilele chake. Sheria za Shirikisho la Kimataifa la Tenisi, ITF, zinataka mpira wa kawaida wa njano ukidondoshwa kutoka sentimita 254 juu ya zege udunde kati ya sentimita 135 na 147. Yaani unarudi juu kiasi cha nusu na ushei ya kule ulikotoka. Mpira uliopaa hadi mita 3 utakupandia hadi mita 1.6 au 1.7 hivi. Kwenye uwanja wa udongo hupanda zaidi, kwenye nyasi hupungua. Hakuna anayepiga hesabu katikati ya pointi, lakini jicho linafundishika kujiuliza: kilele kile kimezidi mara mbili ya bega langu? Kama kimezidi, mpira huo utanipita bega, na miguu ianze kazi sasa hivi.

Ukiamua kurudi, usirudi kinyumenyume. Geuza mabega, kaa ubavu, kisha kimbia kwa hatua za kupishanisha miguu. Rudi mbali kuliko unavyodhani inatosha, ili mpira unaposhuka kiunoni uwe unapiga hatua kuuendea. Kurudi mita nne na kupiga ukisonga mbele nusu mita ni bora mara nyingi kuliko kurudi mita mbili na kupiga ukiwa bado unarudi. Bei yake ni kwamba umeuachia uwanja: mpinzani mwerevu atadondosha mpira mfupi karibu na wavu, na utalazimika kukimbia sana.

Ukiamua kuupiga unapopanda, fupisha maandalizi. Raketi isivuke nyuma ya bega lako, macho yakae pale mpira unapogusa chini, na uso wa raketi uwe umeinama kidogo mbele, kwa sababu mpira unaopanda ukikutana na uso uliofunguka utapaa nje. Hapa huhitaji nguvu. Mzee wako atashtushwa zaidi na muda uliomnyang'anya kuliko na kasi ya pigo lenyewe. Mimi ni mfupi, bega langu halifiki mita 1.3, na njia hii ndiyo iliyoniweka kwenye mchezo mbele ya watu warefu. Naipenda kuliko zote.

Hata hivyo, kuna mipira ambayo huwezi kuiwahi wala kuikimbia. Imedunda nusu mita kutoka kwenye mstari, nyuma yako kuna uzio, na itakukuta begani upende usipende. Hapo ndipo mkono wako unapohitaji kufundishwa upya.

Ulifundishwa "chini kwenda juu", na aliyekufundisha hakukosea. Lakini chini ni wapi? Ni chini ya mpira. Mpira ukiwa kiunoni, raketi inaanzia usawa wa goti. Mpira ukiwa begani, raketi inaanzia usawa wa kifua, kiganja kimoja au viwili tu chini ya mpira. Wewe bado unaishusha hadi gotini, kisha unaikimbiza zaidi ya mita nzima kwenda juu. Raketi inafika imechelewa au inausugua mpira bila kuusukuma. Unapogeuza mabega, inua mikono yote miwili pamoja: mkono wa kushoto ungali umeshika shingo ya raketi, kiwiko cha kulia kimeinuka hadi karibu na usawa wa bega na kimeachana na mbavu, kichwa cha raketi kiko juu ya kichwa chako. Kutoka hapo kiache kianguke kidogo, kisha kipeleke mbele. Mkono wa kushoto unapoachia raketi, unyooshe sambamba na wavu. Huo ndio unaoyashikilia mabega yasifunguke mapema.

Kukutana na mpira kuwe mbele zaidi ya ulivyozoea, na mbali kidogo na mwili, mkono ukiwa karibu kunyooka. Mpira wa kiunoni husamehe ukichelewa kidogo. Mpira wa begani haukusamehi, kwa sababu ukishafika usawa wa uso wako, kiwiko kinakosa nafasi. Njia ya raketi ni ya kukata mbele ya mwili kutoka kulia kwenda kushoto, kama waipa kwenye kioo cha gari, na umalizie chini: raketi iishie kwenye mbavu za kushoto au hata karibu na nyonga. Ukijikuta umemalizia juu ya bega la kushoto huku mpira ulikuwa begani, ujue ulianzia chini mno.

Sasa ile mipira inayoingia wavuni. Mtu akiuona mpira uko juu kuliko wavu hudhani amepewa ruhusa ya kuupigilia chini. Hebu tuupime uwanja. Wavu una sentimita 91.4 katikati, na kutoka kwenye wavu hadi mstari wa nyuma ni mita 11.885 kila upande. Kwa sababu pande mbili ni sawa, mstari ulionyooka unaoanzia juu ya mstari wako wa nyuma, ukausugua wavu na kushukia mstari wa nyuma wa mwenzako, ni lazima uanzie mara mbili ya kimo cha wavu, yaani mita 1.83. Ni wangapi kati yetu wanaopiga forihendi kwa kimo hicho? Chini ya hapo, ukiwa nyuma ya uwanja, mpira uliopigwa kushuka moja kwa moja hadi ndani unagonga wavu kwanza. Kwa hiyo hata mpira wa begani unapigwa sambamba na ardhi au ukipanda kidogo, na kinachoushusha ni uzito wake pamoja na mzunguko. Lenga juu ya wavu kwa kiasi cha mita nzima, ukielekea kona ya mshazari. Mshazari wa uwanja wa mmoja mmoja una zaidi ya mita 25, wakati mnyoofu una 23.77, na wavu uko chini zaidi katikati, ambapo mpira wa mshazari hupitia.

Mambo hubadilika ukiwa ndani ya uwanja. Mpira huohuo ukidunda mfupi na ukaukuta juu ya mstari wa servisi (pigo la kuanzisha pointi), mita 6.40 kutoka kwenye wavu, kile kimo cha mita 1.83 kinashuka hadi 1.41. Hapo bega lako linatosha kabisa au linakaribia. Huo upige bapa, bila mzunguko na bila huruma.

Zoezi ninalolipenda: mwenzako asimame upande wa pili akiwa na kapu la mipira, akutupie mirefu na mifupi bila mpangilio. Kabla mpira haujavuka wavu, tamka kwa sauti: "mbele", "hapa", au "nyuma". Usiogope kutamka vibaya. Jambo la kuogopa ni ukimya. Anayenyamaza ndiye anayebaki juu ya mstari akirudi kwa visigino. Ukishazoea, ongeza neno la nne, "hewani", kwa maana ya kuingia ndani ya uwanja na kuupiga kabla haujadunda. Mpira ambao haujadunda hauna bega la kukupandia, na huyo mzee siku utakapoanza kufanya hivyo atalazimika kubadilisha mchezo.

Kocha, nashika raketi kwa mshiko wa istani. Rafiki zangu wanasema nihamie westani ndipo nitaiweza mipira ya juu. Wana haki?

Wana nusu ya haki. Shika raketi ikiwa imesimama kwa ukingo, pande nane za mpini uzihesabu kuanzia ule wa juu, ukienda kulia kama unatumia mkono wa kulia. Kifundo cha chini cha kidole cha shahada kikikaa upande wa 2 una kontinentali, wa 3 istani, wa 4 semi-westani, wa 5 westani. Kadiri unavyosogea chini ya mpini, ndivyo uso wa raketi unavyotazama mbele kwa urahisi mkono ukiwa juu, na ndivyo unavyotazama ardhi mkono ukiwa chini. Ndiyo maana mwenye westani hufurahia mpira wa begani na kuhangaika na mpira wa gotini.

Jipime ukutani. Simama ubavu kwa ukuta, nyoosha mkono mbele kwa usawa wa bega, na uweke uso wa raketi ulale bapa ukutani. Kama ni lazima upinde kifundo cha mkono kwa namna inayouma au inayokukosesha nguvu, mshiko wako hautoshi kwa kimo hicho. Sogea nusu upande, jaribu tena. Wengi waliotoka istani hutua kwenye semi-westani au kati ya hizo mbili, na mimi huwaacha hapo. Kutoka semi-westani unaweza bado kuuokota mpira wa chini, na kuhamia kontinentali kwa voli, yaani kuupiga mpira kabla haujadunda, hakukuchelewi sana.

Mshiko wenyewe hauhukumu kiwango cha mtu. Roger Federer aliishika forihendi karibu na istani na akatwaa mataji 20 ya Grand Slam, yale mashindano manne makubwa ya tenisi. Iga Świątek yuko upande wa westani na ameshatawala udongo wa Roland Garros, Grand Slam ya Ufaransa, mara 4, miaka ya 2020, 2022, 2023 na 2024. Tofauti yao kwenye mpira wa juu inaonekana miguuni: Federer aliuwahi mapema, kabla haujapanda, na mshiko wake ulimdai afanye hivyo. Ukibaki na istani, nawe utadaiwa hivyohivyo.

Tangu nianze mazoezi ya forihendi za juu, bega linaniuma hadi usiku. Niendelee taratibu?

Usiendelee. Maumivu yanayokufuata hadi kitandani yanamhitaji daktari au mtaalamu wa viungo, na hakuna kocha anayepaswa kuyatibu kwenye ukurasa wa gazeti. Acha mapigo yote ya juu, servisi ikiwemo, mpaka uchunguzwe.

Ukiruhusiwa kurudi, mwombe mtu akupige video kutoka mbele. Tazama kiwiko raketi inapokutana na mpira. Kama kimepanda juu ya mstari wa mabega, unalibebesha bega kazi ya miguu. Kimo kitoke kwenye goti linalonyooka na kiwiliwili kinachozunguka. Mpira ukizidi hapo, urudie nyuma uusubiri. Na usiukabe mpini. Mkono uliokaza hupeleka kila mshtuko begani.

Mwanangu ana miaka 9 na anapenda tenisi kupita kiasi. Karibu kila mpira unamruka kichwa. Kocha wake amemhamishia mshiko wa westani na kumwambia apige akiruka. Sasa anapiga kila kitu kwa kiganja kilichopinduka. Ni sawa?

Hapana, mzazi mwenzangu, na jambo hili linaniudhi kila ninapoliona. Mtoto hana kosa, kosa liko kwenye mpira.

Rudi kwenye ile hesabu niliyoitoa juu. Mpira wa njano unadunda hadi sentimita 135 au 147 kwa kudondoshwa tu kutoka mita mbili na nusu. Mtoto wa miaka 9 kwa kawaida ana kimo cha karibu sentimita 130. Umempa mpira ambao ukipigwa kidogo tu kwenda juu unapita utosi wake, halafu unamlaumu kwa namna anavyoufikia. Watoto ni werevu, watafanya lolote ili mpira urudi: watapindua kiganja, wataruka, watajikunja. Miili yao itayakariri hayo, na wakiwa na miaka 14, bega limeshafika juu, mshiko ule uliowaokoa utakuwa umewafunga kwenye kila mpira mfupi na wa chini.

Dawa yake iko kwenye sheria zenyewe za ITF. Kuna mipira ya ngazi tatu kwa ajili ya wanaojifunza. Mwekundu hudunda kati ya sentimita 90 na 105, wa rangi ya chungwa kati ya 105 na 120, wa kijani kati ya 120 na 135, yote ikidondoshwa kutoka kimo kilekile cha 254. Mwekundu na wa chungwa una viwanja vyake vifupi pia, kiasi cha mita 11 na 18 kwa urefu. Tangu 2012 mashindano ya watoto wa miaka 10 kushuka chini hayaruhusiwi kutumia mpira wa kawaida wa njano. Kama shindano haliruhusu, mazoezi yanautumia kwa nini?

Mwanao wa miaka 9 anafaa mpira wa chungwa, na akiwa mzoefu anaanza kuonja wa kijani. Zungumza na kocha kwa heshima, nje ya uwanja, mtoto asiwepo. Omba mambo mawili: mpira ubadilishwe, na mshiko urudi kati ya istani na semi-westani. Wengine watakwambia mtoto ataachwa nyuma na wenzake wa mpira wa njano. Muda atakaocheza mpira wa chungwa ndio utakaomfundisha kupiga mbele ya mwili, kwa kimo kinachomfaa, akiwa amesimama imara. Mpira ukimpandia begani baadaye, atakuwa na pigo zima la kuupelekea huko juu.

Kuruka kwenyewe si dhambi. Mtoto anayesukuma ardhi kwa nguvu atajikuta hewani, kama watu wazima wanavyojikuta. Ila asiambiwe aruke ili aufikie mpira uliomzidi kimo.

Kocha, nimtazame nani kwenye video ili nijifunze forihendi ya juu? Wengi wanasema Rafael Nadal.

Nadal ndiye aliyewapa wenzake mpira huo. Kumtazama yeye utajifunza kuutengeneza, nawe unataka kuupokea. Watazame waliomshinda. Kumbuka tu kwamba anatumia mkono wa kushoto, kwa hiyo forihendi yake ya mshazari hupanda kwenye bekihendi (pigo la upande wa pili wa mwili) ya anayetumia mkono wa kulia. Subiri zile pointi ambazo mpira umekuja upande wa pili au mpinzani ameizunguka bekihendi yake ili apige forihendi.

Anza na mwaka 2009. Roland Garros, raundi ya nne: Nadal hakuwa amewahi kushindwa pale, alikuwa na ushindi wa mechi 31 mfululizo. Robin Söderling, mwenye kimo cha mita 1.93, akamtoa 6–2, 6–7, 6–4, 7–6. Hakurudi nyuma kuusubiri mpira ushuke. Aliuchukua kifuani na begani na kuupiga bapa. Miezi michache baadaye, nusu fainali ya US Open, Juan Martín del Potro wa mita 1.98 alimshinda 6–2, 6–2, 6–2 kabla ya kumfunga Federer katika fainali ya seti tano. Simamisha picha pale del Potro anapomaliza kugeuka: mikono iko juu tayari, raketi haitafuti goti.

Utaniambia hao ni majitu. Basi mtazame Diego Schwartzman, mita 1.70, robo fainali ya mashindano ya Roma mwaka 2020. Alikuwa ameshindwa na Nadal katika mechi zao zote 9 za kabla ya hapo, na siku ile akashinda 6–2, 7–5. Hakujaribu kupiga kwa usawa wa bega la del Potro, maana bega hilo hana. Aliukanyaga mstari na kuuwahi mpira unapanda, pointi baada ya pointi. Ukitaka kuona mtu anayeridhika kusimama mbali na kuuacha mpira ushuke, mtazame Daniil Medvedev anapopokea servisi.

Ukiwatazama, funika nusu ya juu ya skrini kwa mkono. Nasema kweli. Jicho hupenda kufuata raketi, na raketi ni sehemu ya mwisho ya habari.

Mimi ni mshoto. Watu wa mkono wa kulia wakinipigia servisi ya pili yenye mzunguko wa kupanda, upande wa kushoto wa uwanja, mpira unaruka juu na kukimbilia nje. Inanikuta kwenye forihendi yangu lakini najikuta karibu na uzio. Nisimame wapi?

Simama mbele zaidi ya unakosimama sasa. Servisi hiyo ikidunda huenda juu na kushoto kwako kwa wakati mmoja, kwa hiyo kila hatua unayorudi nyuma inakuongezea pia safari ya kwenda pembeni. Ukirudi mita mbili, mpira umeshatoka nje ya mstari wa pembeni, nawe umeufuata, uwanja mzima umebaki wazi.

Ingia kwa mshazari, ukiukatia njia. Mguu wa kushoto uweke kwanza nje kuelekea kule unakokwenda mpira, kisha mwili wote usogee mbele. Mikono ipande mapema kama nilivyomweleza mwenzako wa barua ya kwanza, lakini usivute raketi nyuma kabisa. Mabega yakigeuka inatosha. Kwako wewe mshazari ni rahisi kuupiga, na utaangukia bekihendi au forihendi ya mpinzani kutegemea anakokimbilia. Mimi ningekushauri uupeleke mrefu katikati mara nyingi mwanzoni, miguuni pake, mpaka uache kufikiria mahali pa kusimama. Ukishazoea, mnyoofu kando ya mstari utakuwa wazi, maana anayepiga servisi hiyo kwa kawaida anategemea umeshasukumwa nje na hukimbilia kuziba upande mwingine.

Na kama servisi yake ina kimo kikubwa hadi huwezi kuiwahi, rudi mita tatu kamili. Ila usisimame mita moja nyuma ya mstari, kwa sababu hapo ndipo itakapokukuta sikioni.